Kabla Hujasema Mmea Una Kiu

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye majaribio ya ukame, nianze na kosa lililonigharimu msimu mzima. Tulikuwa na shamba la mtama upande wa Dodoma, aina sita, nusu ya ploti zikimwagiliwa na nusu zikinyimwa maji tangu mimea ilipofika magotini. Kila Jumatatu nilichota udongo wa sentimita 15 za juu, nikaupeleka kwenye tanuri, nikaandika kwamba umekauka kabisa. Mtama nao ukaendelea kusimama wima, majani kijani kibichi. Nikafurahi, nikaandika kwenye ripoti kwamba aina mbili kati ya zile zinastahimili ukame kuliko zote. Karibu na mavuno mwenzangu akaja na keekee ndefu ya udongo, tukateremka mpaka mita moja na nusu. Udongo uliotoka huko chini ulikuwa na unyevu wa kutosha kufinyangika kiganjani kama tonge la ugali. Ukame niliouandika haukuwapo. Mimea ilikuwa inakunywa, ila mimi sikuwahi kuangalia inakokunywa.

Kufunga bomba peke yake hakujaleta ukame. Ukame ni hali unayotakiwa kuithibitisha kwa namba, kwenye udongo na kwenye jani, siku ileile. Mnaofanya kazi kanda ya kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wake unazunguka milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, mtaona wiki mbili au tatu bila tone katikati ya msimu na mtashawishika kusema moja kwa moja kwamba mimea ina kiu. Pimeni kwanza.

Tuanze chini. Njia ya zamani ya kupima unyevu wa udongo bado ndiyo hakimu wa nyingine zote: chota, pima uzito, kausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi saa 24, pima tena. Nichukue kikopo kimoja. Kikopo kitupu gramu 28.4. Kikiwa na udongo wa shambani, 121.9. Baada ya tanuri, 114.1. Maji yaliyotoka ni gramu 7.8, udongo mkavu ni 85.7, kwa hiyo unyevu ni asilimia 9.1 kwa uzito. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo namba inapokosa kazi. Zidisha kwa densiti ya udongo wenyewe, yaani gramu za udongo mkavu katika kila sentimita moja ya ujazo, tuseme 1.5, upate asilimia 13.7 kwa ujazo. Sasa unaweza kusema kila sentimita 10 za udongo ule zina maji ya milimita 13.7, na hiyo unaweza kuilinganisha na mvua au na umwagiliaji. Densiti usiichukue kwenye kitabu. Pigilia ringi yako ya sentimita 100 za ujazo kwenye kila tabaka, maana udongo uliokandamizwa na trekta na ule wa ploti ya pembeni haufanani.

Vikopo vifungwe palepale, kwenye kivuli. Jua la saa sita kule Hombolo, karibu na Dodoma, halisubiri umalize kuandika lebo. Na kila kikopo kiwe na namba iliyochongwa kwenye mwili wake; namba ikiwa kwenye kifuniko tu, vifuniko vitabadilishana wakati wa kuosha na hutajua.

Chimba kwa matabaka: 0 hadi 15, 15 hadi 30, kisha kila sentimita 30 mpaka pale mizizi inapoishia. Inachosha, mikono inatoka malengelenge, lakini mtama na alizeti zina mizizi inayopita mita moja, na huko ndiko jibu lilipo.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba asilimia haikuambii kama mmea unaweza kuyapata hayo maji. Chukua asilimia 15 kwa ujazo. Kwenye udongo wa kichanga hiyo ni neema, mmea umeshiba. Kwenye mfinyanzi mzito mweusi wa mbugani, kwa asilimia hiyohiyo mmea umeshanyauka, kwa sababu chembe ndogo za mfinyanzi zimeyakumbatia maji kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Ndiyo maana tunapima pia nguvu ya mvuto, yaani jinsi udongo unavyoyashikilia maji, kwa vizio vya presha. Kwa mazoea ya fani, udongo ulioshiba na kuchuja maji ya ziada huchukuliwa kuwa kwenye kilopaskali 33 za mvuto, na kikomo cha kunyauka moja kwa moja huwekwa kwenye kilopaskali 1,500, yaani megapaskali 1.5. Tunaandika kwa alama ya kutoa, -1.5, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo maji yanavyozidi kuwa magumu kupatikana. Kikomo hicho ni cha makubaliano tu. Mtama unaweza kuvuta kupita hapo.

Wanaoijua historia ya Kongwa, mkoani Dodoma, wataelewa kwa nini ninasisitiza kuujua udongo wenyewe. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza pale mwaka 1947, ukafutwa 1951. Mvua zilikuwa haba, na mfinyanzi uliokuwa kwenye udongo ule ulikauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikashindikana kung'olewa. Mitambo ilikuwepo kwa wingi. Kilichokosekana ni watu kuusoma udongo na mvua kwa miaka ya kutosha kabla ya kufyeka pori.

Kuhusu vihisi vya umeme vya kupima unyevu wa udongo nitasema kwa kifupi. Vinafanya kazi kwa sababu maji yana sifa za umeme tofauti kabisa na udongo mkavu: kipimo cha uwezo wa kuhifadhi nguvu ya umeme cha maji ni karibu 80, cha udongo mkavu ni 3 hadi 5, cha hewa ni 1. Kwa hiyo ukiacha upenyo wa hewa kati ya kihisi na udongo, unapima hewa. Udongo wa mbuga ukipasuka katikati ya kiangazi, ufa unaweza kupita pembeni ya kihisi na grafu ikashuka ghafla bila mmea kujua lolote. Chumvi nayo hudanganya, na joto pia. Vilinganishe na vikopo vya tanuri kwa udongo wa shamba lenu, siyo kwa kanuni ya kiwandani. Nyaya zipitisheni kwenye bomba la plastiki, panya wanazipenda. Na mkitumia tenshometa, yaani bomba lililojaa maji linalopima mvuto wa udongo, jueni ukomo wake: ikifika kama kilopaskali 80 maji ndani yake hukatika na hewa huingia. Inafaa kwa bustani inayomwagiliwa. Kwa jaribio la ukame itakuacha njiani mapema sana.

Sasa tupande kwenye jani.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kulinganisha maji yaliyomo kwenye jani na maji ambayo lingebeba likishiba. Unakata vipande vya jani, unavipima vibichi, unavielesha kwenye maji yaliyokenekwa kwa saa nne hivi mahali pasipo na mwanga mkali, unavifuta, unavipima, kisha unavikausha kwa nyuzi 80 kwa siku moja au mbili. Kama vibichi ni gramu 0.412, vilivyoshiba 0.468 na vikavu 0.096, basi toa vikavu kote: 0.316 gawa kwa 0.372, unapata asilimia 85. Jani lisilo na shida huwa juu ya 85 au 90; likiteremka kwenye 60 na kitu, mmea umeumia kweli.

Mizani ni ya sehemu ya elfu ya gramu, kwa hiyo tone moja la maji lililobaki juu ya jani linaharibu kila kitu. Kazi ya kufuta aifanye mtu mmoja kuanzia sampuli ya kwanza mpaka ya mwisho. Nimeona aina moja ya mahindi ikitofautiana na yenyewe kwa asilimia 7 kwa sababu mfutaji alibadilishwa baada ya chakula cha mchana. Vijichupa vya sampuli viwe na vifuniko na vikae kwenye kasha la barafu, ila majani yasigusane na barafu yenyewe.

Halafu kuna chemba ya presha. Hiki ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachotaka heshima kubwa kuliko vyote. Mmea unaovuta maji una safu ya maji iliyotanuliwa ndani ya mishipa, kama mpira uliovutwa. Ukikata jani, mpira unaachia na maji yanarudi ndani. Unaliweka jani ndani ya chemba, ncha iliyokatwa ikitokeza nje kwenye tundu la mpira, unafungulia gesi ya nitrojeni polepole mpaka maji yarudi na kung'aa kwenye mkato. Presha iliyohitajika kuyarudisha ni sawa na mvuto uliokuwapo jani lilipokuwa mmeani. Mtafiti Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vyao vya namna hii mwaka 1965. Vijitawi vya juu kabisa vya miti mirefu waliviangusha kwa risasi. Sisi tuna mahindi yanayotufika kifuani, hatuna sababu ya kupima ovyo.

Kabla ya kukata, funika jani kwa mfuko wa plastiki wenye unyevu kidogo. Kata mara moja kwa wembe mkali, usirudie mkato. Kutoka kukata mpaka kuanza kupandisha presha isizidi dakika moja. Nje ya mfuko, jua la mchana litalinyonya jani na utasoma kiu isiyokuwepo. Pandisha taratibu sana unapokaribia. Mahindi na mtama huwa na nafasi za hewa kwenye mshipa mkubwa wa kati, na wageni wengi husoma mapovu ya kwanza wakidhani ni maji. Subiri mkato wenyewe ubadilike rangi, uwe na unyevu unaong'aa chini ya lenzi. Megapaskali 2 ni karibu mara tisa ya upepo wa tairi la gari dogo: vaa miwani, na uso wako usiinamie mkato, utazame kwa pembeni.

Saa ya kupima ni nusu ya kipimo. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alfajiri, mmea umekuwa na usiku mzima wa kutulia, na mvuto wa jani unakaribia mvuto wa udongo pale mizizi ilipo. Mahindi yaliyomwagiliwa vizuri yatakupa megapaskali -0.1 mpaka -0.3, yakikupa -0.8, huhitaji kuuliza tena. Mmea ndio unaokusomea udongo wote, mpaka kule keekee yako isikofika. Ila ujue kwamba husoma zaidi tabaka lenye maji, na usiku wa upepo mkavu, kama ule wa Dodoma mwezi wa Agosti, stomata, yaani vitundu vidogo vya jani vya kupitishia hewa na mvuke, zinaweza kuendelea kupoteza maji na namba ikashuka kuliko udongo ulivyo. Andika upepo kwenye daftari.

Mchana ni habari nyingine. Mahindi yakihisi ukame hufunga stomata mapema, kwa hiyo saa saba mchana unaweza kupata -1.4 kwenye ploti kavu na -1.3 kwenye ploti yenye maji, ukadhani hakuna tofauti. Tofauti ipo: moja imefunga milango na haijitengenezei chakula. Kwa mahindi na kunde pima pia stomata kwa porometa, kifaa kinachoonyesha zimefunguka kiasi gani, au walau joto la majani kwa kipimajoto cha mbali, kwa sababu jani lisilotoa maji hupata joto. Alizeti yenyewe huacha milango wazi na mvuto wake wa mchana hushuka sana. Ukizipima zote mbili saa saba tu na kusema mahindi ndiyo mastahimilivu, umekosea kama nilivyokosea mimi kwenye mtama.

Mama mmoja tuliyepakana naye shamba alinifundisha jambo ambalo sikufundishwa darasani. Alisema, "Mwanangu, hindi likijikunja mchana usilie nalo, linajifunika jua. Njoo ulitazame saa mbili asubuhi. Likiwa bado limejikunja, hapo ndipo kuna msiba." Nikapima yale mahindi kwa chemba alfajiri iliyofuata, na yaliyokuwa yamejikunja asubuhi ndiyo yalikuwa chini ya -0.8. Tangu hapo kwenye fomu zangu kuna safu ya kujikunja kwa jani, mchana na asubuhi.

Mnaotumia ndoo badala ya shamba, angalieni: mmea kwenye ndoo ya lita 10 hukauka ndani ya siku chache na haupati muda wa kujizoesha kama unavyoupata shambani. Kupima uzito wa ndoo kila jioni ni sawa, lakini mmea nao unaongezeka uzito, kwa hiyo weka ndoo za ziada za kung'oa na kupima.

La mwisho ni mpangilio. Alfajiri ni fupi na majani ni mengi, na mvuto hubadilika mara jua linapochomoza. Pima bloku nzima, yaani kundi moja la ploti lenye kila aina, aina zote, ploti kavu na zenye maji kwa kupokezana, ndipo uhamie bloku inayofuata. Ukimaliza kwanza ploti zote zenye maji halafu ukaenda kavu, saa itaingia kwenye matokeo na hutaweza kuitoa. Mtungi wa nitrojeni ukaguliwe usiku kabla ya kulala. Na ukiishiwa gesi katikati ya bloku ya tatu, simama hapo. Futa ile nusu, na kesho saa kumi uanze bloku hiyo upya tangu ploti ya kwanza.