Maswali ya Wasomaji: Vitunguu Vimeuzwa Nairobi, Faida Imeishia Kwenye Kubadili Fedha

SWALI: Nanunua vitunguu Mang'ola na kumpelekea mteja wangu Nairobi. Tunapatana bei kwa shilingi za Kenya, naye hulipa baada ya wiki mbili au tatu. Mzigo ni uleule, bei ni ileile, lakini nikibadilisha fedha napata pungufu ya nilivyopiga hesabu. Nifanyeje?
Mfanyabiashara, Karatu

JIBU: Unauza kwa mkopo, na hatari yote ya shilingi ya Kenya umeibeba peke yako. Pima kwanza ukubwa wake. Katika mzigo wa KSh 300,000, kiwango cha KSh 1 kikishuka kutoka TSh 19.50 hadi 18.50 unapoteza TSh 300,000. Kwa wengi hiyo ndiyo faida yote ya safari.

Shilingi hizi mbili hupimana kupitia dola, kwa hiyo fuatilia zote mbili. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu KSh 160. Kenya iliponunua tena sehemu ya hatifungani yake ya dola (hati ya deni iliyowauzia wakopeshaji wa nje) mwezi Februari, hofu ya deni ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu KSh 131. Shilingi ya Tanzania haikusogea sana, hivyo KSh 1 iliyokuwa chini kidogo ya TSh 16 ikapita 19. Muuza vitunguu alinufaika. Aliyeagiza bidhaa Nairobi akaumia, ingawa bei ya kule haikupanda hata senti. Upepo huohuo hugeuka.

Bora zaidi ni kupatana bei kwa shilingi za Tanzania. Mteja akikataa, andikeni kiwango cha msingi siku ya makubaliano, mkitumia kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu. Kikisogea zaidi ya senti 50 kwenda upande wowote, mgawane tofauti nusu kwa nusu. Kwa mfano wetu, mteja angekuongeza TSh 150,000. Kiwango kikipanda, nawe umpunguzie. Bila hivyo hatakubali, na ana haki.

Kuna upotevu mwingine ambao wengi hawauhesabu: duka la fedha hununua kwa bei moja na kuuza kwa nyingine. Tuseme linanunua KSh kwa TSh 19.20 na kuuza kwa 20.10. Ukibadilisha KSh 100,000 unapata TSh 1,920,000. Ukizirudisha kuwa za Kenya unabaki na KSh 95,522. Kama unarudi na bidhaa za Kenya, zilipie kwa shilingi zilezile ulizouzia vitunguu, ubadilishe zinazobaki tu. Wabadilishaji wa barabarani mpakani waache: hawatoi risiti, na noti ya zamani ya KSh 1,000, iliyofutwa 2019, ukishaipokea ni hasara yako.

SWALI: Wateja kutoka Kenya hunilipa kwa shilingi zao dukani kwangu. Inaruhusiwa?
Mwenye duka, Namanga upande wa Tanzania

JIBU: Hairuhusiwi. Kanuni za Machi 2025 zinazuia kutangaza bei na kulipia bidhaa au huduma ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa misamaha michache, na duka la kawaida halimo. Mteja abadilishe kwanza, au atume kwa simu kuvuka mpaka. Akituma, asome kiwango kabla ya kuweka namba ya siri, maana gharama kubwa hufichwa humo kuliko kwenye ada.