Muulize Fundi: Nihame Electron au nisihame?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimemtengenezea mjomba programu ya kuandikia magunia ya dagaa na madumu ya mawese anayonunua hapa Kibirizi. Nimetumia Electron (ile ya kutengeneza programu za kompyuta kwa javaskripti na HTML) maana javaskripti ndo naijua, ila laptopu yake ya zamani ina ramu GB 2, kuifungua tu ni kama unaisubiri meli ya Liemba, na akitafuta jina la mteja inaganda kabisa. Jamaa wananiambia hamia Qt, wengine Tkinter, zana nyingine za kuchorea madirisha ya programu. Ipi nyepesi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeniletea magonjwa mawili unataka dawa moja.

Kuchelewa kufunguka, hapo Electron inahusika kweli, kila programu yake inabeba Chromium nzima (brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake) na Node.js juu (ya kuendeshea javaskripti nje ya brauza), yaani hata ukiandika "habari" tu kwenye dirisha ushafungua brauza, na kwenye GB 2 ambazo Windows nayo inazigombania mjomba hana pa kupumulia. Qt ya kawaida inachora vitufe vyake bila brauza, ni ya C++ lakini kwa Python unaipata kupitia PySide. Tkinter inakuja na Python yenyewe, sura ya kizamani sawa, ila mjomba anauza dagaa hauzi sura. Kuna na Tauri, mwenzake Electron, utabaki na HTML yako na faili la kuinstoli litakuwa dogo, ila ramu usitegemee miujiza, kwenye Windows inaazima WebView2, brauza ya ndani ya Windows ambayo ni ukoo uleule wa Chromium.

Sasa hiyo kuganda usiisingizie Electron. Nadhani unavuta rekodi zote kwa mkupuo halafu unazipekua kwenye uzi (thread, njia ya kazi ndani ya programu) uleule unaochora dirisha, ni kama mtu mmoja pale mwaloni apime, apokee hela na abebe gunia, lazima foleni isimame, na ukihamia Qt na msimbo (code) uleule itaganda vilevile. Weka data kwenye SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja), tengeneza indeksi (orodha ya kutafutia haraka) ya jina la mteja yenye COLLATE NOCASE, yaani isiyojali herufi kubwa na ndogo, onyesha mistari 50 tu kwa mara moja. Na kwenye LIKE, amri ya kutafuta maneno yanayofanana, anza na herufi za mwanzo za jina, ukitanguliza alama ya asilimia (maana yake "herufi zozote") indeksi haitumiki (hili limewahi kunikesha mimi mwenyewe).

Anza na hilo kwanza, halikugharimu hata kubadili lugha. Mjomba akifungua programu asubuhi aiache wazi mpaka jioni. Akiendelea kulalamika, ndo tuongee Tkinter.