Fani ndogo ya utamaduni na biashara: ina faida gani?

SWALI: Shikamoo, mshauri. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya biashara na nyumbani ni Tanga. Chuo kinaturuhusu kuongeza, juu ya fani kuu, fani ndogo yenye masomo machache, na mojawapo inaunganisha taaluma za utamaduni na biashara ya kimataifa. Naipenda, lakini baba anasema utamaduni haulipi ada, afadhali niongeze uhasibu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wasiwasi wa baba yako ni wa haki, kwa kuwa ada inatoka mfukoni mwake. Hata hivyo, ziko hasara ambazo mhasibu huziona zikiwa zimekwisha kutokea. Mwaka 1997 kampuni ya Marekani ya Walmart iliingia Ujerumani ikiwa na mtaji mkubwa, ikawataka wahudumu wa maduka wawachekee wateja kama ilivyo desturi ya kwao, na wateja wengi wakaona tabasamu la mtu wasiyemjua ni jambo la kutilia shaka. Ushindani wa bei nao uliibana, na mwaka 2006 iliuza maduka yake ikaondoka.

Nami nimewahi kuketi Muscat, Oman, na mwenzangu aliyekwenda kuuza karafuu. Mwenyeji alishika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, akamimina kahawa kidogo tu, tende zikiwa mbele yetu. Mwenzangu akataja bei kabla hajamaliza finjani ya kwanza; mwenyeji akamuuliza hali ya wazazi wake, kisha akammiminia tena. Alimiminiwa mara ya tatu na ya nne, kwa sababu hakujua kwamba aliyetosheka huitikisa finjani anapoirudisha. Siku ile bei haikuzungumzwa kabisa.

Kwa hiyo nakushauri uichukue, ila kwa sharti moja: iwe inakufundisha jamii moja kwa kina, pamoja na lugha yake. Nasisitiza hili kwa sababu fani za aina hii mara nyingi hutegemea majedwali yanayozipa nchi alama kulingana na utamaduni wake. Mashuhuri kuliko yote ni ya Mholanzi Geert Hofstede, yaliyotokana na hojaji walizojaza wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, na humo Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zimewekwa pamoja na kupewa alama moja. Wewe uliyekulia Tanga unajua jinsi Mdigo na Msambaa wanavyotofautiana katika kupatana bei sokoni. Sasa pima mwenyewe alama hiyo itakufaa kwa kiasi gani.

Kabla ya kujiandikisha, nenda idarani uulize ni lugha gani inayofundishwa na kwa mihula mingapi, na kama kuna mafunzo kwa vitendo katika kampuni inayouza au kuagiza bidhaa nje. Ikiwa hakuna lugha wala vitendo, basi mfuate baba, kwani uhasibu utakufaa zaidi. Ikiwa Kiarabu kimo, kichague bila kusita, kwa kuwa maneno biashara, faida, hasara na hesabu unayo tayari kutoka huko. Na umwambie baba kwamba ukipata nafasi ya somo moja la hiari, utaliweka katika uhasibu.