Gari linawaka kwa kusukumwa tu

SWALI: Nina pikapu ndogo ya petroli yenye gia za mkono. Tangu mwezi uliopita, nikizungusha ufunguo nasikia mlio mmoja tu, "tak!", kisha kimya, ingawa taa za mbele hazififii hata kidogo. Likisukumwa nikiwa nimeweka gia ya pili, gari linawaka mara moja. Fundi alinishauri ninunue betri mpya, nikanunua, lakini tatizo liko vilevile. Sasa ananiambia ninunue stata nzima, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa gharama ambayo ingeweza kuepukwa kwa kipimo cha dakika chache. Stata usinunue kwanza, kwa sababu maelezo yako yenyewe yamekwisha kupunguza sana eneo la kutafuta. Gari linalowaka mara moja likisukumwa lina mafuta na lina moto kwenye plagi, hivyo ubaya umo katika njia ya umeme mzito iendayo kwenye stata au ndani ya stata yenyewe. Mlio unaousikia nao unaonyesha kwamba swichi ya ufunguo inapitisha umeme, pamoja na ile swichi ndogo ya pedali ya klachi kama gari lako linayo, kwani mojawapo ingekuwa imekufa usingesikia chochote.

Taa kutofifia ndiyo dalili kubwa. Stata huvuta umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote garini, na betri iliyochoka hujulikana kwa taa kuzimika au kufifia pale ufunguo unapozungushwa. Taa zikibaki na mwanga wake wote, maana yake stata haivuti kitu. Ndiyo maana betri mpya haikukusaidia.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha upime betri kwa mita: iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Baada ya hapo kagua waya mnene wa hasi kuanzia kwenye betri hadi ulipofungwa kwenye injini, kwa sababu mara nyingi ncha ya juu hung'aa huku ya chini, iliyofichwa na oili na tope, imelegea au imeliwa na kutu. Ifungue, uisugue kwa msasa mpaka chuma kionekane, uikaze.

Kama bado, mtu azungushe ufunguo huku fundi akipima boliti mbili nene za solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyofungwa kwenye stata, kila moja dhidi ya bodi ya stata. Umeme ukifika kwenye boliti itokayo betri lakini usifike kwenye ile iingiayo kwenye mota, shaba za ndani ya solenoidi zimeungua. Ukifika kote kuwili na stata isizunguke, kaboni, yaani vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota ya stata, zimekwisha. Mara nyingi stata ya namna hiyo huzunguka ikigongwa taratibu kwa mpini wa spana wakati ufunguo umezungushwa.

Kaboni na solenoidi za stata nyingi huuzwa peke yake, kwa hiyo mwombe fundi aifungue mbele yako akuonyeshe kilichokufa. Kwa sasa usilisukume gari kwenye mteremko mkali, kwa kuwa injini isipowaka pedali ya breki huwa ngumu mno.