Jibu: Spika zipi za rafuni kwa ampli ya wati 40?

Jambo ndugu wa Kamalondo. Umesema ampli yako (mashine ya kukuza sauti) inatoa wati 40 kwa omu 8 (omu hupima ukinzani wa umeme), chumba ni mita 4 kwa 3, na unasita kati ya spika za desibeli 84 (kipimo cha sauti ambayo spika hutoa kwa wati moja), omu 4, na zile za desibeli 89, omu 8.

Kwanza geuza ampli usome nyuma yake. Kama imeandikwa omu 6 hadi 16, za omu 4 ziache: zitavuta mkondo mwingi, ampli itachemka na kujizima ukiongeza sauti. Halafu desibeli. Kila zikipungua 3, ampli inahitaji nguvu maradufu kwa sauti ileile. Tofauti yako ya 5 ni zaidi ya mara tatu. Ampli ikizidiwa inakata mawimbi ya sauti, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua, hata kama spika imeandikwa wati 100. Wengi huangalia wati hizo tu, na ni kosa kubwa.

Mimi ningechukua za desibeli 89. Ila tundu la besi la spika likiwa nyuma, acha kama sentimita 30 kutoka ukutani, la sivyo besi ya rumba itavuma na kufunika gitaa.

Kabla ya kulipa, sukuma koni (ule utando wa spika unaotetemeka) taratibu kwa vidole, ikikwaruza, usinunue. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa mita 5. Unga nyekundu ya ampli kwa nyekundu ya spika, kushoto na kulia: ukikosea upande mmoja, besi inapotea na utalaumu spika bure.

Tuandikie nyuma ya ampli pamesemaje.