Fundi wa Fidla Ajibu: Gundi, Roho na Mbao za Kwetu

Mwezi huu safu ya maswali ya wasomaji imekabidhiwa mwanamuziki wa Kisumu ambaye hupiga viola, yaani ndugu ya fidla aliye mkubwa kidogo na mwenye sauti nzito zaidi, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiunda fidla na viola kwa mkono katika karakana yake. Kati ya barua zilizomfikia amechagua nne, na baadhi ya majibu yake ni marefu kuliko tulivyomwomba.

SWALI: Ninafundisha muziki katika shule moja karibu na Kakamega. Tuna fidla sita, na ile iliyo bora kuliko zote ilipelekwa Nakuru mwezi wa Februari kwa majuma matatu. Iliporudi, uso wake ulikuwa umeachana na ubavu kwa urefu wa kidole, na kila ilipopigwa ilivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Seremala wa shule aliiziba kwa gundi ya epoksi, akaibana barabara, na mvumo ukaisha. Mwaka huu umezuka ufa mwingine, safari hii katika ubao wenyewe. Je, tuliuziwa fidla mbovu? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: La, Mwalimu, hamkuuziwa fidla mbovu. Ilipofunguka Februari ilikuwa inafanya jambo ambalo iliundwa ilifanye. Kosa ni la ile epoksi, ingawa seremala wenu alikusudia mema, na kama angekuwa anatengeneza kiti ningemsifu.

Ubao hupokea unyevu na kuutoa kwa kufuata hewa inayouzunguka, hata ukiwa ulikatwa miaka hamsini iliyopita. Unapokauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Sasa fikiria Kakamega, ambako mvua haikauki kwa muda mrefu, kisha fikiria Nakuru ya Februari, katika mwinuko wa mita 1,850 hivi, vumbi likipeperuka. Kwa ubao wenye unene wa milimita tatu hiyo ni safari ya kutoka nchi moja hadi nyingine. Uso wa fidla, yaani ubao wake wa juu, unataka kusinyaa, mbavu, yaani mbao nyembamba za pembeni, zimeushika pande zote, na hapo hapana budi kitu fulani kiachie.

Sisi waundaji tunataka kitakachoachia kiwe gundi. Tunatumia gundi ya ngozi za wanyama, ile ile waliyoitumia mafundi wa mji wa Cremona nchini Italia, ambako Andrea Amati aliunda fidla zake katika karne ya 16 na ambako Antonio Stradivari alifia mwaka wa 1737. Huloweshwa majini mpaka ivimbe, kisha chombo chake huwekwa ndani ya maji ya moto hadi ifikie nyuzijoto 60 hivi, wala haiachwi ichemke kwa kuwa ikichemka hupoteza nguvu. Mahali pa kushika milele, kama vile ungio la katikati ya mgongo, tunaipaka ikiwa nzito. Lakini uso unapobandikwa juu ya mbavu tunaizimua kwa maji, kwa makusudi kabisa, ili iwe dhaifu kuliko ubao. Ungio likifunguka, kazi yake ni ya nusu saa: gundi ya moto huingizwa kwa kisu chembamba, jiriwa hufungwa, na kesho yake fidla inapigwa. Ubao ukipasuka, inatubidi kuufungua uso wote, kuunganisha ufa, na kuubandikia kwa ndani vipande vidogo vya kuushikilia. Epoksi ilikataa kuachia, basi ubao ukaachia.

Legezeni nyuzi kidogo, msizitoe zote, na muipeleke kwa fundi wa fidla kabla ufa haujafika chini ya daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi juu ya uso. Atalazimika kukwangua epoksi pamoja na ubao kidogo, na hasara hiyo hairudi. Zile tano zilizobaki zigongeni kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo zake zote mwanzoni mwa kila muhula: palipofunguka hulia tofauti, kama kopo lililopasuka. Ziwekeni katika visanduku vyake, mahali ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 60 wala kushuka chini ya 40. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya kisanduku kinatosha kuwaonya.

Jua nalo lisisahaulike, kwa sababu joto pia huilainisha gundi hiyo. Mimi, ambaye nilistahili kujua, niliwahi kuacha viola ndani ya gari hapa Kisumu saa saba mchana kwa muda wa kula samaki tu. Niliporudi, shingo ilikuwa imeinama mbele kama mzee anayesinzia kanisani.

SWALI: Kuna kitu kinachogongagonga ndani ya fidla ya binti yangu, mithili ya kipande cha kalamu. Tangu tubadilishe nyuzi, sauti yake imekuwa ya kopo. Nikitoe? (Mama wa watoto watatu, Kondele)

JIBU: Usikitoe, Mama, hiyo ni roho. Ndivyo wanavyokiita Wafaransa na Waitalia katika lugha zao, nami sijaona jina linalokifaa zaidi. Ni kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita sita hivi, kinachosimama kati ya uso na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi mwembamba. Hakigundishwi popote. Kimesimama kwa kubanwa tu, na nyuzi zote zikitolewa kwa pamoja, kama ninavyoshuku mlivyofanya, hukosa mbano na kuanguka.

Legeza nyuzi zote leo hii. Nyuzi nne zilizokazwa huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20, na sehemu ya nguvu hiyo hushukia daraja na kuukandamiza uso ambao sasa hauna nguzo. Fundi ataisimamisha roho kwa kuipitisha katika tundu lenye umbo la herufi f, kwa chuma kilichopindwa kama herufi S. Siku nyingine badilisheni uzi mmoja mmoja.

SWALI: Fundi, mimi ni seremala hapa Nakuru, mzaliwa wa Siaya, na tangu ujana nimeunda orutu, zile fidla zetu Waluo za uzi mmoja, za kupigwa harusini na matangani. Sasa nataka kuunda fidla, lakini mbao za kuagizwa ng'ambo ni ghali mno. Je, saiprasi, mvule au mpingo haviwezi kufaa? Na je, ni kweli kama alivyoniambia kijana mmoja kwamba orutu ni fidla ya wasiojiweza? (Seremala, Nakuru)

JIBU: Fundi mwenzangu, nianze na huyo kijana. Mpe orutu na upinde, umwambie apige wimbo wowote anaoujua. Mpiga fidla akiishiwa na nafasi kwenye uzi mmoja hukimbilia uzi wa pili, lakini mpiga orutu ana uzi mmoja tu wa kumlisha usiku kucha. Chombo hicho kina ndugu zake: siiriri ya Waluhya, na wandindi ya Wagikuyu ambao ni jirani zako hapo Nakuru. Tofauti ya msingi kati yake na fidla ni kwamba orutu hupaaza sauti kwa ngozi, ambayo kwa desturi ni ya kenge, ilhali fidla hupaaza kwa ubao. Ngozi ni nyepesi na huvutwa ikakaza. Ubao hauvutwi, kwa hiyo ni lazima uwe mwepesi na mgumu kwa asili yake, na hapo ndipo swali lako la mbao linapokuwa zito.

Uso wa fidla huchongwa kwa mti uitwao sprusi, wa jamii ya misonobari, unaokua polepole katika milima yenye baridi. Kwa kuwa hukua polepole, pete zake husongamana, na ubao wake mkavu huwa na uzito wa kilo 400 hivi tu kwa mita moja ya ujazo, lakini ukijaribu kuupinda kwa urefu hukataa. Saiprasi ya mashamba ya miti ya hapa Kenya hukua upesi, hivyo pete zake ni pana na mafundo ni mengi. Haimaanishi kwamba haifai kabisa. Nchini Uhispania, magitaa ya flamenko huundwa mgongo na mbavu kwa saiprasi ya huko. Ukitaka kuijaribu, usiende kununua mbao mpya. Tafuta boriti za nyumba kuukuu inayobomolewa, zilizokaa kavu miaka mingi, na upasue kwa shoka badala ya msumeno, kutoka moyo wa gogo kuelekea ganda, ili uone kama nyuzinyuzi za mti zimenyooka au zinajisokota. Kisha shika kipande kwa vidole viwili, robo ya urefu wake kutoka mwisho mmoja, ukigonge katikati. Kikilia kwa muda, kiweke. Kikisema "ta" na kunyamaza, kipeleke jikoni.

Mgongo, mbavu na shingo huko Ulaya hutoka katika mti uitwao mepo. Hapa uhuru wetu ni mkubwa zaidi. Mvule haukosi uzito unaofaa, lakini una vijiwe vigumu ndani yake vinavyotafuna makali ya randa, na vumbi lake huwasha pua na macho. Mimi hupendelea grevilia, ile inayopandwa mipakani mwa mashamba, iliyopasuliwa kwa namna hiyo hiyo kutoka moyoni, kwani hutoa madoa yanayometameta ambayo vanishi huyapendezesha sana.

Mpingo ni jambo la peke yake. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo hauwezi kuwa mwili wa fidla, ila hufaa kwa vigingi vya kukazia nyuzi na kwa ubao wa vidole, ule wa shingoni ambapo vidole hukandamiza nyuzi, mahali ambapo Wazungu hutumia miti mingine myeusi isiyo ya jamii moja na mpingo wetu. Wao huutumia mpingo kwa klarineti na obo. Tangu mwaka wa 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa viumbe walio hatarini, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye vibali, na uitunze risiti.

Wewe uliyezoea kuchimba mzinga wa orutu hutasumbuliwa na patasi. Kitakachokusumbua ni subira. Uso haukunjwi kwa moto, bali huchongwa ukatoka katika ubao mnene hadi ubaki na milimita tatu hivi, na mgongo hubaki na milimita nne na nusu katikati na mbili na nusu pembeni. Mbavu pekee, zenye milimita moja tu, ndizo zinazopindwa kwa chuma cha moto. Hesabu saa 200 hivi kwa fidla moja. Ya kwanza niliyoiunda niliukondesha uso mno kwa kutamani sauti kubwa, na kweli ilinguruma kwa miezi michache, kisha uso ukadidimia chini ya daraja. Bado imetundikwa ukutani kwangu, na wateja huniuliza bei yake.

Kwa fidla ya kujifunzia tumia mbao za hapa kila mahali, na kama huipati gundi ya ngozi, jelatini ya dukani isiyo na sukari wala ladha itakushikia. Kwa fidla ya kuuza, nunua sprusi ya uso tu. Halafu una bahati ambayo mimi wa ziwani sina: ukibandika uso na mgongo Januari au Februari, hewa ya Nakuru ikiwa kavu, fidla hiyo itavimba kidogo tu ikishuka Kisumu. Mimi nikibandika wakati wa mvua za masika, naiundia matatizo siku itakapopanda kuja kwenu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na nimepiga fidla kwa miaka minne. Mwalimu wetu wa okestra anataka nihamie viola kwa sababu nina mikono mirefu. Je, viola si fidla kubwa tu? Na nitafute ya ukubwa gani? (Msichana wa Kisumu)

JIBU: Binti yangu, mwalimu wako amekupendelea, na usidhani nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe ni mpiga viola.

Nyuzi za fidla ni Sol, Re, La na Mi. Za viola ni Do, Sol, Re na La, yaani tatu ni zile zile, ule mwembamba wa Mi umeondoka, na Do nzito imeingia chini. Kama mwili wa chombo ungefuata sauti yake kwa uwiano kamili, basi fidla ikiwa na sentimita 35.5, viola ingehitaji 53 hivi, na hakuna kidevu wala mkono ungeibeba. Kwa hiyo kila viola ni mapatano kati ya sauti na mwili wa mpigaji, na ndiyo sababu haina kipimo kimoja: nyingi zina kati ya sentimita 38 na 43. Mapatano hayo ndiyo yanayoipa sauti ya kifua, yenye ukwaruzo kidogo, ambayo usiifananishe na fidla iliyopata mafua. Wapo wanaofunga nyuzi za viola kwenye fidla ili kuokoa fedha, lakini uzi wa Do huko hulegea na kukosa pumzi. Utajifunza pia kusoma ufunguo wa alto, ile alama ya mwanzoni mwa mistari ya muziki inayoonyesha noti za viola zinakaa wapi, na utakuchanganya kwa mwezi mmoja hivi.

Ukubwa usiuchague kwa kuangalia umri wala urefu wako wote. Iweke viola begani, nyoosha mkono wa kushoto chini yake hadi kwenye kichwa chake kilichosokotwa, ukikumbatie kwa vidole. Kiwiko kikiwa kimebaki kimepinda kidogo, inakufaa. Kikiwa kimenyooka kabisa, rudisha, hata kama sauti yake imekuliza. Anza na ya sentimita 39 au 40, ingawa mikono yako ni mirefu, na kama unaweza jaribu tatu za ukubwa tofauti, kila moja kwa nusu saa nzima, maana kifundo cha mkono kina adabu sana dukani na hakilalamiki kabla ya dakika ya ishirini.