Kwa nini haragwe la kabatini hurefuka kuliko la dirishani?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa Gredi ya 6 alipanda maharagwe katika makopo mawili, moja akaliweka dirishani na jingine ndani ya kabati la jikoni. Baada ya wiki moja mche wa kabatini ulikuwa mrefu, mwembamba na wa manjano, ilhali wa dirishani ulikuwa mfupi na mnene. Seli hujuaje ikue kuelekea wapi?
Mama wa mwanafunzi, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, mwanao ameuliza jambo zito. Maji yaliyomo ndani ya seli ya mmea huusukuma ukuta wake pande zote, na seli ingevimba kama mpira lau si nyuzi za selulosi zinazouzunguka. Mwombe azungushe kamba kwenye puto refu, kisha alipulize: halitanenepa, bali litarefuka.

Zinazoelekeza nyuzi hizo ni mikrotubuli, yaani vijibomba vya protini iitwayo tubulini, vyenye upana wa nanomita 25 hivi, vilivyolala chini tu ya utando wa seli. Mnamo 2006 watafiti waliouchunguza mmea mdogo wa Arabidopsis kwa hadubini waliona vimeng'enya vinavyounda selulosi vikifuata njia za vijibomba hivyo.

Navyo havitulii, hurefuka na kubomoka daima, na protini nyingine ndizo zinazovisimamia. MOR1 husaidia ncha zake kukua, na MAP65 huviunganisha vilivyo jirani viwe fungu. Inayonivutia zaidi ni katanini, iliyopewa jina la katana, upanga wa Kijapani, kwa kuwa kazi yake ni kukata. Gizani, vijibomba vya shina changa huizunguka seli kwa upana, kama kamba ile ya puto, na seli hurefuka. Mwanga wa buluu ukifika, katanini hukata pale viwili vinapopishana, vipande vikaendelea kukua, na baada ya dakika chache tu mpangilio huanza kugeuka ufuate urefu wa seli. Isidhaniwe kwamba badiliko hili pekee ndilo lililoufupisha mche wa dirishani, kwani homoni nazo zina sehemu kubwa.

Thamani ya vijibomba hivi huonekana vinapokosekana. Dawa ya magugu iitwayo pendimethalini hushika tubulini na kuizuia isijiunge. Ukilingʼoa gugu changa lililoguswa nayo, utakuta ncha za mizizi yake zimevimba kama rungu, kwa maana seli zake zimenenepa badala ya kurefuka.